UZI: Mifereji ya Uskoti iliyofungwa miaka ya 1960 imepataje kazi mpya? Tujadili kwa kina

Mpimaji:

Wakuu, heshima kwenu.

Hapa jukwaani nimeikuta mara nyingi hoja kwamba miundombinu ikishapitwa na wakati dawa yake ni kuifukia na kujenga kingine juu yake. Naleta kesi ya Uskoti kwa sababu wao walifanya hivyo, kisha wakalipa pesa nyingi kufukua walichokifukia. Msimamo wangu nauweka mbele ili anayetaka kuupinga aanzie hapo. Mfereji wa zamani hauhitaji kurudishiwa shehena yake ya zamani ili ulete faida. Unahitaji kuwa mzima, maji yapite kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatwa. Kazi zitapatikana, na nyingi waliouchimba hawakuzifikiria kabisa.

Kwanza historia kidogo.

Mfereji wa Forth and Clyde ulianza kuchimbwa mwaka 1768 chini ya mhandisi John Smeaton, ukakamilika 1790. Una urefu wa kilomita 56 na malango 39, yaani vile vyumba vya maji vyenye milango pande mbili vinavyopandisha na kushusha chombo. Lengo lilikuwa kuunganisha bahari ya mashariki na ya magharibi ili meli zisizunguke kaskazini yote ya nchi kwenye mawimbi makali. Katikati ya safari fedha ziliisha na kazi ikasimama kwa miaka. Kilichoikwamua ni mkopo wa serikali uliotokana na mashamba yaliyotaifishwa kwa waasi wa Jacobite, waliotaka kurudisha ukoo wa kifalme uliopinduliwa. Miradi mikubwa kukwama njiani haikuanza leo.

Mwaka 1803, kwenye mfereji huo huo, boti ya mvuke Charlotte Dundas ya William Symington ilivuta matishari mawili ya tani 70 kila moja kwa takribani kilomita 30 hadi Glasgow. Wenye mfereji waliikataa wakihofia mawimbi yake yatamomonyoa kingo, wakabaki na farasi.

Wa pili ni Union Canal, uliofunguliwa 1822 kupeleka makaa ya mawe Edinburgh. Huu una kilomita 51, na mhandisi wake Hugh Baird aliupitisha ukifuata mwinuko mmoja wa ardhi kwa urefu wake wote, ndiyo maana njia kuu haikuwa na lango hata moja. Ulikutana na ule wa kwanza pale Falkirk kwa ngazi ya malango 11. Miaka 20 tu baadaye, 1842, reli ya Edinburgh hadi Glasgow ikafunguliwa na biashara ikahama. Ile ngazi ya malango ilibomolewa 1933.

Forth and Clyde ulifungwa tarehe 1 Januari 1963, na sababu kubwa ilikuwa barabara. Barabara kuu mpya ilitakiwa kuvuka mfereji, na ikaonekana ni nafuu kuufunga kuliko kujenga daraja la kupitisha vyombo. Union ukafuata 1965. Baada ya hapo kila mwenye barabara au mtaa wa kujenga aliukata alipotaka. Wester Hailes, nje kidogo ya Edinburgh, walijenga mtaa mzima wa nyumba juu yake na maji yakaingizwa kwenye mabomba.

Naendelea chini, naandaa sehemu ya pili.

Kijana wa Mtoni:

Nimekaa mkuu, shusha.

Mpimaji:

Sehemu ya pili: kuufufua.

Kuanzia miaka ya 1970 vikundi vya wananchi vilianza kusafisha vipande vya mfereji kwa mikono yao na kupigia kelele madiwani. Nataka hawa wakumbukwe kabla ya wahandisi, kwa sababu bila wao vipande vilivyobaki navyo vingefukiwa.

Mwaka 1999 mradi wa Millennium Link ukaanza. Gharama ilifika pauni milioni 84.5. Sehemu kubwa, pauni milioni 32, ilitoka kwenye mfuko wa Millennium uliolishwa na bahati nasibu ya taifa, na nyingine zikatoka halmashauri, Umoja wa Ulaya na mashirika ya umma. Ukiangalia pesa hiyo ilifanya nini, nyingi ilikwenda kutengua maamuzi ya miaka ya 1960. Walijenga madaraja mapya kila mahali barabara ilipokata. Wester Hailes walichimba njia mpya ya karibu kilomita 1.7. Kule Dalmuir, upande wa Clydebank, barabara iko chini sana, wakajenga lango linaloishusha boti, ipite chini ya barabara, kisha liipandishe tena ng'ambo. Uamuzi wa kuokoa gharama ya daraja mwaka 1963 ulikuja kulipwa na wajukuu.

Sasa Falkirk. Tofauti ya kimo kati ya mifereji miwili ni mita 35. Wangeweza kujenga upya ngazi ya malango, lakini ile ya zamani ilikula karibu siku nzima ya safari na maji mengi kila chombo kinapopita, na eneo lake lilishajengwa. Wakabuni gurudumu. The Falkirk Wheel lina kimo cha mita 35 na mikono miwili. Kila mkono umebeba beseni kubwa la maji ambalo boti inaingia ikielea, na gurudumu linazunguka nusu mzunguko na kuipandisha au kuishusha mita 24. Kimo kilichobaki kinamalizwa na malango mawili juu, na kabla ya kufika kwenye gurudumu mfereji unapita kwenye handaki chini ya ukuta wa Antonine uliojengwa na Warumi.

Ninachokipenda zaidi ni umeme wake. Huo nusu mzunguko wa kama dakika nne unatumia uniti 1.5 tu. Boti ikiingia kwenye beseni inasukuma nje maji yenye uzito sawa na wake, hiyo ni kanuni ya Archimedes, kwa hiyo beseni lenye boti na lisilo na boti yana uzito ule ule. Mikono miwili inakuwa imejisawazisha, na mota kazi yake ni kushinda msuguano.

Mabamba yalifungwa kwa bolti zaidi ya 14,000 badala ya kuchomelewa, kwa sababu chuma kinachozunguka hivi kinabadilishiwa mzigo kila mara, na maungio ya kuchomelewa yangechoka na kupata nyufa. Tarehe 24 Mei 2002 Malkia Elizabeth akalifungua.

Hesabu Kwanza:

Mpimaji nakuheshimu, lakini hapa umenipoteza. Pauni milioni 84.5 ili boti za starehe zipande na kushuka? Watalii wanakuja, wanapiga picha, wanakunywa kahawa, wanaondoka. Huo ni uchumi wa mgahawa. Kichwa cha uzi kinasema kazi mpya. Kazi yenyewe iko wapi?

Mpimaji:

Mkuu, swali ni la haki na ndilo nililokuwa nalisogelea. Gurudumu linapata watalii karibu nusu milioni kwa mwaka, na mji wa Falkirk uliokuwa unajulikana kwa viwanda vya chuma vilivyokufa umepata jina jipya. Sanamu za farasi wawili, The Kelpies za Andy Scott, zenye kimo cha mita 30, ziliongezwa 2014 kwenye mdomo wa mashariki wa Forth and Clyde pamoja na kipande kipya cha mfereji na lango jipya la baharini. Lakini nakubaliana nawe, tiketi peke yake hazirudishi pesa ile.

Kazi ninayoizungumzia iko kaskazini mwa Glasgow, na haina uhusiano na boti.

Mitaa ya Sighthill, Hamiltonhill, Cowlairs, Ruchill na Dundashill ilikuwa na ardhi tupu nyingi iliyoachwa na viwanda na nyumba zilizobomolewa. Ukitazama ramani unajiuliza kwa nini haijengwi, dakika chache tu kutoka katikati ya jiji. Kikwazo kimoja kikubwa kilikuwa mvua. Glasgow inanyeshewa sana. Maji ya mvua na majitaka yanaingia kwenye mabomba yale yale ya enzi za Malkia Victoria, na mabomba yameshajaa. Ukiongeza mapaa na lami, maji hayana pa kwenda, yanarudi kwenye nyumba za watu. Mwenye ardhi ananyimwa kibali, au anaambiwa achimbe bomba jipya la gharama ambayo hakuna nyumba itakayoirudisha.

Katikati ya mitaa hiyo unapita mfereji wa Smeaton, yaani Forth and Clyde. Wahandisi wakauliza: je, tukiufanya ghala la mvua?

Mfumo unaitwa Smart Canal, na ujenzi ulianza 2018. Umegharimu kama pauni milioni 17 kwa ubia wa Halmashauri ya Jiji, Scottish Canals na Scottish Water. Vihisio na utabiri wa hali ya hewa vinaonyesha kwamba mvua kubwa inakuja. Kabla haijafika, milango inayojiendesha inatoa maji taratibu na kushusha kina cha mfereji hadi sentimita 10. Sentimita 10 zinasikika kama si kitu, lakini kwa urefu wa mfereji ule zinafungua nafasi ya mita za ujazo 55,000. Mvua ikinyesha, maji ya mitaa mipya yanapita kwenye mifereji midogo ya wazi na mabwawa ya majani, yanatulia huko, kisha yanaingia kwenye mfereji mkubwa badala ya kwenda kwenye mabomba.

Matokeo yake ni hekta 110 zilizofunguliwa kwa ujenzi na nafasi ya nyumba zaidi ya 3,000. Hesabu Kwanza, linganisha mwenyewe na gharama ya kuchimba bomba kubwa chini ya jiji lililojaa. Na mfereji ungekuwa umefukiwa mwaka 1963 kama walivyotaka wengi, nafasi hiyo isingekuwepo kwa bei yoyote.

Binti Lamu:

Naishi Glasgow, upande huo huo wa kaskazini, nikaona nichangie.

Anayosema kaka Mpimaji ni kweli, ila yapo ya binadamu ambayo kwenye michoro hayaonekani. Wazee wa hapa waliokulia kando ya mfereji watakuambia walikatazwa kuusogelea. Watoto walizama humo, taka zilitupwa humo, na kwa miaka mingi wazazi ndio walioongoza kudai ufukiwe. Ukifika na maneno ya utalii bila kuheshimu kumbukumbu hiyo, hawakusikilizi.

Kilichowabadilisha ni kupitika. Mfereji ulikuwa mpaka: huyu wa Maryhill, huyu wa Ruchill, na ili uende ng'ambo unazunguka mbali. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja la waenda kwa miguu na baiskeli pale Stockingfield, likaunganisha Maryhill, Ruchill na Gilshochill. Pale Hamiltonhill, mashimo ya zamani ya udongo wa mfinyanzi, Claypits, yamekuwa hifadhi ya mazingira ndani ya jiji, na kulungu wadogo unawaona. Maghala ya Speirs Wharf yamegeuzwa makazi. Ghala la kuhifadhia wiski, linaitwa The Whisky Bond hadi leo, lina karakana za wasanii na ofisi ndogo ndogo.

Wasiwasi wangu ni mmoja na nausema wazi. Nyumba mpya zikija, za wenyeji ni ngapi? Hawa waliovumilia mfereji ulipokuwa unanuka wasije wakaishia kuutazama kwa mbali sasa unapendeza. Kodi za pango zinapanda jiji zima. Ningependa kila mradi wa namna hii uandikwe tangu mwanzo nyumba ngapi zitabaki kwenye vyama vya makazi vya bei nafuu.

Mpimaji:

Dada, hilo nalichukua bila kupunguza neno. Nimeandika hekta na mita za ujazo nikawasahau wenye mitaa.

Reli na Bandari:

Mimi napinga sehemu moja. Mpimaji umesema mfereji hauhitaji kurudishiwa shehena. Kwa Uskoti sawa, lakini usiifanye sheria ya ulimwengu. Tazama Ufaransa. Canal du Nord ulianza kujengwa 1908, vita ikausimamisha, ukamalizika 1965 ukiwa tayari ni mdogo mno kwa biashara, tishari lake linaishia kama tani 650. Sasa kando yake wanachimba Seine-Nord Europe kutoka Compiègne hadi karibu na Cambrai: kilomita 107, upana wa mita 54, matishari ya hadi tani 4,400. Kutakuwa na daraja la maji juu ya bonde la mto Somme lenye zaidi ya kilomita moja, tishari likipita juu na mto chini. Nafaka, kokoto za ujenzi, makontena, vyote vitaunganishwa na bandari za Ubelgiji na Uholanzi. Tishari moja la namna hiyo linaondoa malori zaidi ya mia barabarani.

Kwa hiyo shehena haijafa. Imefia kwenye mifereji myembamba.

Mpimaji:

Umenisaidia kuinyoosha hoja, mkuu. Mfaransa ana mtandao wa njia pana za maji kaskazini yake, Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na upande wa pili ana mto Seine unaopita Paris. Kinachokosekana ni kiungo cha katikati, na anayetoa mabilioni ya yuro kujenga kiungo anaununua mtandao wote. Hapo hoja yangu ya uzima wa njia inasimama tena, kwa kipimo kikubwa zaidi.

Forth and Clyde malango yake yanapokea chombo cha takribani mita 20 kwa 6. Hata ukiujaza matishari kutwa kucha, mizigo ya bahari mbili sasa iko kwenye meli za makontena ambazo hazitaingia humo kamwe. Kuulazimisha ubebe mizigo ni kupoteza pesa. Kuutumia kama ghala la mvua ni kutumia kile ambacho tayari unacho: maji yaliyotulia kwenye mwinuko mmoja katikati ya jiji.

Shamba la Babu:

Wakuu, mnausifia mfereji kana kwamba hauna hasira. Tarehe 12 Agosti 2020 Union Canal ulibomoka kingo karibu na Polmont baada ya mvua kubwa ya usiku. Pengo la mita 30. Maji yalishuka mashambani, yakaikuta reli kuu ya Edinburgh na Glasgow na kuondoa tuta na kokoto kwa mamia ya mita. Reli ilifungwa kwa wiki kadhaa. Sasa mnataka kuuongezea mvua ya jiji?

Mpimaji:

Tukio ni la kweli na ni kubwa, na linapaswa kuwa kwenye kila uzi wa mifereji. Ila tazama chanzo chake. Mfereji unaofuata mwinuko umejengwa ubavuni mwa kilima, kwa hiyo maji yote ya kilima yanauingia mvua ikizidi, utake usitake. Mwaka 1822 mvua za namna ile hazikuwa kwenye hesabu. Maji yalipopita juu ya kingo ya udongo, kingo ikaliwa. Kinachoepusha hilo ni kuwahi kushusha kina kabla ya mvua, jambo ambalo mfumo wa Glasgow unafanya. Mfereji usioongozwa ndio unaoua reli.

Lakini umenipeleka kwenye jambo linaloniuma zaidi ya yote katika habari hii, nalo ni matengenezo.

Pesa ya kujenga inapatikana. Kuna utepe wa kukata, kuna Malkia, kuna kamera. Pesa ya grisi, ya kuchimba tope, ya kubadilisha mbao za malango haina utepe. Mwaka 2018, miaka 16 tu baada ya sherehe za Falkirk, madaraja mawili ya kuinuliwa kwenye Forth and Clyde, la Twechar na la Bonnybridge, yaliharibika na fedha za kuyatengeneza hazikuwepo. Njia ya bahari hadi bahari ikakatika tena. Wenye boti wakaandamana kwa boti zao. Yalikuja kufunguliwa mwaka uliofuata. Fikiria: mtandao uliounganishwa kwa pauni milioni 84.5 unakatwa na madaraja mawili madogo.

Kwa hiyo naomba niongeze sharti kwenye msimamo wangu wa mwanzo. Anayefaidika na mfereji kwa kazi mpya alipe matengenezo, kwa mkataba. Ardhi ya Sighthill imepanda thamani kwa sababu ya mfereji. Sehemu ya thamani hiyo irudi kwenye milango na kingo kila mwaka.

Kijana wa Mtoni:

Kaka, hiyo ni mvua tu. Kuna kazi nyingine ambazo mfereji wa zamani unaweza kufanya? Au Glasgow ni kesi ya peke yake?

Mpimaji:

Zipo, na baadhi ni za siku nyingi. Shuka Uingereza kidogo.

Bristol inapata hadi nusu ya maji yake ya kunywa kupitia mfereji wa Gloucester and Sharpness, uliochimbwa kwa ajili ya meli. Kule Wales, Llangollen Canal ulifungwa kwa vyombo kisheria mwaka 1944, lakini haukufukiwa kwa sababu ulikuwa unapeleka maji ya mto Dee hadi bwawa la Hurleston. Maji yakaulinda hadi wapenda boti wakarudi. Leo ni miongoni mwa mifereji inayotembelewa sana nchini humo, na daraja lake la Pontcysyllte ni urithi wa dunia.

London, chini ya njia ya miguu ya Regent's Canal, zimelazwa nyaya za umeme za kilovolti 400 tangu 1979, na maji ya mfereji ndiyo yanayozipoza. Mikongo ya mawasiliano nayo inapita kwenye kingo za mifereji, kwa sababu ni njia ndefu yenye mmiliki mmoja, huhitaji kubishana na wenye viwanja elfu.

Mradi ninaoufuatilia kwa hamu kuliko yote sasa ni wa Grand Union Canal. Kusini-mashariki mwa Uingereza kuna watu wengi na maji yanapungua. Mpango ni kuchukua maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu kutoka mtambo wa Minworth karibu na Birmingham, kuyaingiza kwenye mifereji, na kuyateremsha kusini, makumi ya mamilioni ya lita kila siku, kisha kuyatibu tena yawe ya kunywa. Bomba jipya litahitajika kwa vipande tu. Sehemu kubwa ya njia ilishachimbwa kwa sururu zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Hesabu Kwanza:

Hapa sasa tunaongea lugha moja. Swali langu la mwisho: kwenye huo wa Grand Union, mwenye mfereji analipwa kwa maji yanayopita, au anaambiwa ashukuru kwa kutumika?

Mpimaji:

Mwenye mfereji ni Canal & River Trust, taasisi ya hisani iliyopokea mifereji ya Uingereza na Wales kutoka serikalini mwaka 2012, kama kilomita 3,200. Maji na njia za nyaya ni biashara kwao, wanatoza. Na wanalazimika, kwa sababu serikali imeshatangaza kwamba ruzuku yao itapungua kuanzia 2027. Uskoti ni tofauti, Scottish Canals ni shirika la umma na linategemea bajeti ya serikali ya Edinburgh.

Kwa mtazamo wangu mfumo wa kutoza ni bora, mradi mkataba uandike kiasi kinachokwenda kwenye kingo na malango kabla ya kitu kingine chochote.

Binti Lamu:

Na kiasi cha nyumba za wenyeji, kaka. Kiandikwe ukurasa huo huo.

Hesabu Kwanza:

Naunga mkono dada. Mpimaji, ukipata masharti ya mkataba wa Grand Union yakitoka, yalete hapa tuyapige hesabu.